Sikuwa na Jina la Kutaja

Mjukuu wangu Tumpe,

Hujambo huko Iringa? Sisi hapa Uyole tu wazima, na babu yako anavuna viazi. Umeniuliza kama ukubali kuwekewa jeli ya kulainisha mlango wa kizazi, maana tarehe ya kujifungua imepita na mawifi wanakusema.

Miaka ya sabini, nilipochelewa kumzaa mama yako, jeli hatukuijua. Watu waliamini kwamba mimba ikipitiliza, mke ametoka nje ya ndoa, na mtoto hatoki mpaka amtaje huyo mwanamume. Mama mkwe wangu aliniletea kikombe cha dawa ya mizizi mbele ya majirani. "Mtaje huyo mwanamume mwingine, mtoto atoke!"

"Mama, mimi namjua mwanao tu. Na dawa hiyo sinywi."

Nilichukua kanga zangu nikaenda barabarani. Babu yako alinifuata, akasimamisha lori la kwenda Mbeya. Hospitalini mkunga alinipima, akaniwekea dripu ya kuleta uchungu. Niliumia, lakini mama yako alizaliwa salama.

Mama mkwe alikuja wodini na majirani walewale, akanyoosha mikono ampokee mjukuu.

"Kwanza waambie kwamba ulinisingizia," nilisema.

Aliwaambia. Ndipo nikampa mtoto.

Muulize daktari yote yanayokutia hofu, kisha uamue mwenyewe. Ila usimwombe mtu msamaha kwa kuchelewa kujifungua.

Ni mimi bibi yako