Kichwa cha nguzo kilichonukia nazi

Jumamosi. Manyunyu tangu alfajiri. Nguo za mwanangu Zuhura hazijakauka, na mimi macho yangu hayajakauka.

Leo baba Zuhura amekuja. Amepiga hodi.

Hodi, kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake hapa Nguvumali. Tangu tugombane akatamka talaka, moja tu, analala kwa mama yake, kule Pongwe. Mimi nakaa eda humu humu. Kabla eda haijaisha anaweza kunirejea kwa neno lake tu, bila mahari wala harusi. Inaisha mwezi huu. Basi niliposikia ile sauti nikafunga khanga vizuri.

Kumbe amefuata kalibu zake.

Yeye ni fundi wa nguzo za baraza. Kwenye kalibu anamwaga zege, vinatoka vichwa vya nguzo vyenye majani yaliyojikunja. Alinifundisha kwamba kichwa si pambo. Nguzo nyembamba, boriti pana na nzito. Kichwa kinatanuka pale juu kiupokee ule uzito, kiushushe taratibu, nguzo isipasuke. Nyumba za kizamani za Raskazone ndivyo zilivyo, alisema. Siku hizi nondo ndani ya zege ndiyo inayobeba, vichwa tunazivisha nguzo tu wapita njia wasifie.

Kuna siku oili chafu ya kupaka kalibu, zege lisigandie, iliisha, nikapaka mafuta ya nazi niliyopika mwenyewe, mashapo na yote. Majani yakatoka butu, kichwa kinanukia jikoni, sisimizi wakajipanga. Mteja akakikataa. Baba Zuhura alicheka mpaka akakaa chini. "Hiki chetu, mama Zuhura. Wewe fundi wa kupika." Akakipachika kwenye nguzo ya mlangoni.

Leo kabeba kalibu, kafika chini ya nguzo ile, kasimama. Akaangalia juu. Zuhura kamshika suruali. Mimi nasubiri lile neno.

"Sisimizi bado wapo," akasema.

"Wapo," nikajibu.

Akaubandua mkono wa mtoto polepole, akapanda bajaji.

Nimelia, sifichi.

Halafu nikajiuliza: mtu aliyemalizana na nyumba, huangalia juu? Na kalibu moja, ile kubwa, haikuenea kwenye bajaji. Iko uvunguni. Itabidi aifuate.

Kesho nitafagia baraza mapema. Sisimizi siwagusi.