Nguzo ya Kumi na Nne

Fumba, 3 Februari 2024

Kwa mdogo wangu Abdulwahid,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo. Goti langu ndilo lenye jambo, nalo nshalizoea kama mke mwenza. Hujambo wewe, na wifi Nasima, na watoto?

Nnakuandikia, wala sikupigii simu, kwa sababu unayoijua. Ya kwenye simu utakuja kuniambia hukuyasema, kama ulivyofanya katika lile suala la kisima. Karatasi inabaki.

Ua wangu umekwisha. Mbao za kulala bado nzima, lakini nguzo zimeliwa na mchwa kwa chini na chumvi kwa juu. Juzi mbuzi wa jirani wamelala juu ya chanja zangu za mwani, na mwani wa wiki nzima ukaenda. Nimechoka kubadilisha nguzo za miti kila miaka miwili. Nataka za chuma, zishike zile zile mbao zangu. Ishirini na sita, moja kila futi sita, zisimame kwenye mpaka alioupima marehemu baba: kwangu pwani, kwako juu barabarani. Si hatua huku, si hatua kule.

Dada yako,
Mwanamkasi


Malindi, 9 Februari 2024

Dada yangu, shikamoo.

Salamu zako zimefika, zikiwa na kachumbari yake. Sisi wazima. Mimi tumbo limetangulia. Siku hizi linaingia karakana dakika moja kabla yangu, na wateja wanalisalimia kwanza. Nasima anakusalimu sana. Anasema nikutengenezee wewe ua, labda na mlango wa nyumba yetu utaona haya na kuanza kufunga.

Nimechora. Nguzo itakuwa bomba la inchi mbili lililochovywa zinki, kofia juu mvua isiingie, tundu chini ikiingia itoke. Mbao zako zitakaa kwenye vishikio vya chuma pande mbili, kila kimoja na bolti yake, ili ubao ukioza utoe huo mmoja tu bila kuvunja ua. Chini sitaizika. Tutamwaga zege, kutoka humo zitatokeza bolti nne, na nguzo itakaa juu yake na sahani yake, ikazwe kwa nati.

Malipo usinitajie. Ulinibeba mgongoni mpaka chuoni, na nilikuwa mzito hata wakati huo.

Mdogo wako,
Abdulwahid


Fumba, 20 Februari 2024

Abdulwahid,

Waalaykum salaam. Marahaba. Goti vile vile.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikamsomea Borafya, huyu jirani yangu anayechomea madirisha. Ana maswali, na mimi nina yangu.

La kwanza, nguzo ya ua huzikwa. Sijapata kuona nguzo ikakalishwa juu ya zege kama birika juu ya jiko. Kitu kilichofungwa kwa nati kinafunguliwa kwa spana, na spana kila mtu anayo. La pili, bure. Jiko la mkaa nilikuagiza nikalisubiri miaka mitatu, na nililipa. Leo nguzo ishirini na sita bure, na mchoro umekuja ndani ya siku sita. Nimefurahi, lakini nimefurahi nimekaa kitako, sikusimama.

Nieleze kwa nini huziziki.

Dada yako,
Mwanamkasi


Malindi, 27 Februari 2024

Dada, shikamoo.

Umenikumbusha lile jiko na Nasima amecheka mpaka kaweka sufuria chini. Sina la kujitetea.

La kuzika ninalo. Chuma hakiozi juu, wala hakiozi chini kabisa. Kinaoza pale pale kinapoingia ardhini, kwenye upana wa vidole viwili, ambapo maji ya chumvi yanakaa na hewa inafika. Huku bandarini nnaziona kila siku: nguzo juu inang'aa, ukiisukuma kwa goti inalala. Kwa hiyo nnaitoa nguzo ardhini kabisa. Kitakachogusa udongo ni zege tu. Mwambie Borafya achague bomba moja la ua wake, alikwangue hapo chini, kisha aniandikie.

Na nani atakuja na spana kuiba nguzo ya bibi mwenye ulimi kama wako?

Ramadhani njema inakaribia. Nnamtuma Ubwa, fundi wangu, aje kuzifunga kabla ya mwezi kuandama. Mimi mwenyewe sitaweza, kazi zimenizidi.

Mdogo wako,
Abdulwahid


Fumba, 14 Aprili 2024

Abdulwahid,

Idd mubarak. Ilikuwa uje kula Idd kwangu. Hukuja.

Ua umesimama na ni mzuri, hilo nalisema kwanza ili usije ukasema sikulisema. Mbuzi wanakuja, wanatazama, wanarudi. Borafya alikwangua bomba lake chini akarudi na kutu kiganjani. Kwenye kutu ulisema kweli.

Sasa nikuambie ya pili. Siku ya tatu ya Idd nilikuwa naanika mwani. Gari nyeupe ikasimama huko juu kwenye sehemu yako. Akashuka bwana mmoja na kanzu iliyopigwa pasi, akaja akihesabu nguzo kwa kidole. Akaniamkia vizuri. Nikamjibu. Akaweka mkono juu ya nguzo ya kumi na nne akaniuliza, "Bi mkubwa, hapa ndipo panapofunguka?"

Nikamwambia hapafunguki. Akatabasamu, akasema, "Basi labda nimehesabu vibaya," akaenda zake.

Alipoondoka nikaitazama. Nguzo ishirini na tano zina nati za spana. Ya kumi na nne ina nati zenye masikio, zile za kufungua kwa vidole. Nimezifungua mimi, na mikono yangu hii ya mwani. Na mbao za pande zake mbili hazina bolti, zimewekwa tu kwenye vishikio vilivyo wazi juu. Ukiing'oa hiyo moja na mbao zake, linabaki pengo la futi kumi na mbili. Gari inapita na vioo vyake vya pembeni.

Nilimpigia Ubwa. Akasema, "Mimi nimefunga kama nilivyochorewa, bi."

Nnasubiri jibu lako kwa maandishi.

Mwanamkasi


Fumba, 2 Mei 2024

Abdulwahid,

Ubwa kasema barua yangu alikutia mkononi, ukaisoma, ukaikunja, ukaenda kunywa chai, na tangu hapo hujairudia.

Mwezi huu ilikuwa niende Makunduchi kwa binti yangu nikakae wiki mbili. Siendi. Nimekaa nnaitazama nguzo.

Mwanamkasi


Malindi, 19 Mei 2024

Dada yangu, shikamoo, hata kama hutaki kuiitikia.

Nimeandika barua hii mara nne. Tatu zilikuwa na mzaha mwingi, Nasima akazichana. Kasema, "Safari hii usimchekeshe, mwambie."

Bwana yule anaitwa Anwar. Anataka kununua sehemu yangu ya juu ajenge nyumba za wageni. Lakini hataki shamba ambalo wageni wataiona bahari bila kuifikia. Aliniuliza kama kuna njia ya kushukia pwani. Nikamwambia ipo, na ua uliposimama nikamtajia nguzo ya kumi na nne. Haipo, dada. Ipo ardhi yako tu, na chanja zako.

Ilikuwa nikuombe. Nikaogopa utasema hapana, na wewe ukisema hapana haigeuki. Ulipoleta habari ya ua nikaona mlango. Nilitaka ua ukubali kabla wewe hujakubali. Nilijua mwezi huu unakwenda Makunduchi. Ilikuwa nguzo ile itolewe, gari zipite siku kumi, kumi na mbili, majirani waone, kisha nguzo irudi mahali pake. Baadaye ningesema njia hapa ilikuwepo, na mashahidi wangepatikana. Unajua kwetu njia ikishapitwa ni ya watu wote.

Ile habari ya kutu ni kweli tupu, na ndiyo inayoniuma. Nilichukua kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora, nikaificha ndani yake nguzo moja ya wizi. Umri wangu hamsini na tatu, na bado nakuibia kama nilivyokuwa nakuibia kashata.

Nimemwandikia Anwar kuwa njia haipo na haitakuwepo, na kama bila njia haitaki sehemu yangu, basi. Nakala iko ndani ya bahasha hii. Nikubalie nije Jumamosi na mashine. Ile ya kumi na nne nitaibadilisha nati, nizichomelee moja kwa moja, nipake zinki juu. Haitafunguka tena, hata kwangu.

Mdogo wako,
Abdulwahid


Fumba, 23 Mei 2024

Abdulwahid,

Marahaba.

Nakala nimeisoma. Sahihi ni yako. Jibu la Anwar sikuliona ndani ya bahasha, na sitalidai, lakini nimetambua kuwa halimo.

Njoo Jumamosi, saa mbili asubuhi, uje mwenyewe, Ubwa abaki. Umeme utatumia wa kwangu. Usichomelee ya kumi na nne peke yake. Chomelea zote. Nguzo ishirini na sita, kila moja nati nne, ni nati mia moja na nne. Nimezihesabu mara mbili. Kwenye vishikio pia nataka bolti kila mahali, na hizo usizichomelee, maana ubao ukioza nitautoa mwenyewe.

Nimeazima miwani nyeusi ya Borafya. Nitaleta kiti nikae karibu yako nitazame moto wa kila nati, kuanzia ya kwanza mpaka ya mia moja na nne, na ukichoka tutapumzika wote wawili.

Nimeagiza pweza. Utakula ukimaliza. Mwambie Nasima aje mapema, yeye atakula kabla.

Dada yako,
Mwanamkasi