Daftari la Hitima

Ngamiani, Tanga
6 Aprili 1988

Mdogo wangu Rahimu,

Salamu nyingi huko Maramba. Sabuni imejaa madukani siku hizi, hadi tunachagua harufu!

Nilikuwa naona damu kwenye choo na kuificha; mwishowe nilimwambia daktari. Akauliza nani kwetu alikufa kwa tumbo. Nikampelekea daftari la hitima, lile baba alimoandika kila marehemu na maradhi yake. Bibi, tumbo. Mjomba Shekhe, tumbo. Mama, tumbo. Hakuna aliyefika hamsini. Kila Shaabani tunayasoma majina yale kwa sauti, tunalia, tunakula pilau, na hakuna aliyeona!

"Hii ya kwenu ni saratani ya kurithi," daktari alisema. Akanitazama tumboni kwa mpira wenye taa, akakuta kinyama kidogo, akakikata. Kilikuwa hakijageuka saratani. Alhamdulillahi, nalala usingizi wa pono.

Sasa zamu yako, na usiniletee habari za shamba. Panda basi Jumatatu. Tangu baba afariki, daftari lile naandika mimi, na jina lako sitaki kuliandika.

Dada yako,
Shadya