Jina la Mtoto wa Lewari

Kimisagara, Kigali
Jumanne, 16 Septemba 2025

Mpendwa mwanangu Twahiru,

Assalaam alaikum, wewe na mke wako Nurlela, na huyo mgeni wetu mdogo aliyekuja duniani bila kutuuliza. Hamjambo? Kifua chako je? Ulipopiga mara ya mwisho ulikuwa unakohoa, na mimi tangu siku hiyo kila nikisikia mtu anakohoa hapa mtaani nakukumbuka wewe. Acha kulala na nguo zilizolowa maji ya chumvi. Nurlela amepata nguvu? Anakula? Mwambie shangazi yako ameuliza habari ya kula kwanza.

Sisi wazima, Alhamdulillahi. Mvua zimeanza, njia ya kushuka kwetu imekuwa utelezi mtupu, na fundi aliyesema atatujengea ngazi bado anasema. Kazi ya cherehani inaendelea. Babu yako ana afya, ana hasira, ana hamu ya kula. Yaani ni yule yule.

Najua unachosubiri. Unasubiri jina. Ulisema mmemfanyia mtoto akika, mkamwita Halima kwa upande wa mama yake, na jina la pili, la Kinyarwanda, mmeliacha wazi mpaka babu yako alitoe mwenyewe kwa mdomo wake. Basi tulia, nitafika huko. Niache kwanza nijisifu, maana nimekaa muda mrefu bila kitu cha kuringia.

Ile picha uliyotuma, umesimama juu ya paa la zahanati unafunga paneli za sola, nimeichapisha kubwa na kuibandika ukutani pale ninapowapimia wateja. Mtu anayepimwa lazima ainue mikono, na akishainua mikono hana pa kuangalia ila kwako. Ndipo naanza. Huyu ni mtoto wa marehemu kaka yangu, amezaliwa hapa hapa Kimisagara, bahari alikuwa haijui, anajua maji ya Nyabugogo yakifurika. Leo yuko kwenye kisiwa cha Indonesia, kijiji cha Lewari, meli inafika mara mbili kwa mwezi, simu mpaka upande kilima, naye anawatengenezea watu barafu kwa jua. Hapo wote wananikatiza: barafu kwa jua? Nawaambia ndiyo, kwa jua, na futi yangu naivuta taratibu.

Jirani yetu Vestine, si unamjua, aliyekulia Burundi, aliniuliza kama watu wa huko wana ardhi au wanalala mitumbwini. Nikamwambia, Vestine, wana msikiti, wana mikarafuu, wana shule, wana mpaka wambea kama wewe. Alicheka mpaka akakaa chini.

Nilivyoelewa mimi, na unisahihishe kama nimekosea, zamani wavuvi wa Lewari wakipata samaki wengi ndiyo ilikuwa hasara, maana samaki wanaoza na mwenye boti la kununua anataja bei anayotaka yeye. Sasa samaki wanalala kwenye barafu, na mwenye boti ndiye anayebembeleza. Umesema vijana waliokimbilia mjini wameanza kurudi, na mmoja anataka ajenge nyumba. Hiyo nimeisimulia mpaka kwa dereva wa pikipiki aliyenipeleka sokoni.

Magumu pia sijayasahau. Darasa la sita likiisha watoto lazima wavuke kwenda kisiwa kingine kusoma. Mwalimu akienda likizo anasahau kurudi. Mama akishikwa na uchungu mbaya, ni boti na dua. Ndiyo maana uliposema Halima amezaliwa baada ya magharibi, na mkunga aliona kila anachofanya kwa taa ulizozifunga wewe mwenyewe, nililia. Nililia mbele ya mteja, na suruali yake ikachelewa.

Sasa babu yako. Tusidanganyane. Siku ile uliyopiga kusema umeoa huko na hurudi, alinirudishia simu bila neno, na mpaka leo ni miaka miwili hajaishika ukiwa upande wa pili. Cherehani aliyokuwekea pale dirishani hajamruhusu mtu aikalie. Watu wakikutaja anasema, “Bahari imenilia mjukuu,” halafu anakanyaga cherehani kwa nguvu ili asisikie jibu. Nilipompelekea ombi lako, akasema yeye hawapi majina watoto asiowajua. Iliniuma, Twahiru. Nilikwenda jikoni nikagombana na masufuria.

Lakini mimi ni binti yake, na ukaidi huo nimeurithi wapi? Nikasema sawa. Babu hatoi jina, basi watoto wa mtaa watatoa, kama desturi yetu inavyotaka. Jumapili iliyopita nikapika wali, maharage na viazi, Vestine akaleta sambusa, tukatandika mkeka uani, karibu kabisa na dirisha la babu yako. Karibu kwa makusudi. Pale anapolazwa mtoto nikaweka mto, juu ya mto nikaweka simu yangu, na kwenye simu picha ya Halima. Watoto wakazunguka mkeka. Kila mmoja aonje chakula, ataje jina.

Iradukunda, kitinda mimba wa Vestine, akafungua. Akasema yeye anamwita Samaki. Aliyefuata akasema Meli. Mwingine akasema Barafu, nikajua nimesimulia kupita kiasi. Na mdogo wao kuliko wote akasema Sambusa, kwa sababu ndiyo aliyokuwa anaiangalia. Mimi kila jina napiga makofi, nasema kwa sauti ya kufika Nyabugogo: “Hilo zuri! Hilo tutalituma Indonesia!”

Cherehani ndani ikanyamaza.

Weee! Babu yako akatoka, mkasi mkononi, miwani juu ya paji la uso. “Saada! Umepata kichaa? Kitukuu wangu aitwe Sambusa?”

Nikamwambia, “Baba, si ulisema humjui?”

Akainama, na magoti yake unayajua, akaichukua simu pale kwenye mto. Mwanga ukazimika, akaninyooshea niwashe. Akaangalia. Nikaiwasha tena, akaangalia tena. Kisha akasema polepole kwamba masikio haya ni ya marehemu mwanawe. Ni kweli, Twahiru, ni masikio ya baba yako kabisa, mimi sikuwa nimeyaona.

Akakaa mkekani katikati ya watoto, akala tonge moja kama desturi, akasema, “Ikirezi.”

Vestine akapiga vigelegele hapo hapo, lakini Iradukunda hakuridhika, akataka kujua kwa nini lake limeshindwa. Babu yako akamweleza vizuri, mwenyewe nilishangaa. Ikirezi ni kile kipande cha ganda la kombe, cheupe, kimesuguliwa mpaka kinang'aa, walichovaa watu wa heshima zamani za wafalme. Akamwuliza, “Na kilitoka wapi? Ziwa Muhazi? Kilitoka baharini. Babu yangu alikuja na vipande hivyo kwenye mizigo, kwa miguu, toka pwani. Akafika hapa akaoa, akakataa kurudi. Na mama yake alikuwa bado hai kule, anamsubiri.”

Nilidhani amemaliza.

“Labda na yule mama alisema milima imemlia mtoto,” akasema. Halafu akaomba sambusa.

Basi ndilo hilo. Mwanao ni Halima Ikirezi. Mwambie Nurlela ni jina la kitu cha thamani kilichotoka baharini, kama yeye, kikapendwa kwetu, naye atalielewa kuliko mtu yeyote. Mimi ninajivuna, mwanangu, wala sifichi. Ninajivunia barafu yako, na taa zako, na kwamba umekaa mahali watu wengi wangepahama. Kwa muda mrefu niliogopa kukuambia ubaki, nisije nikaonekana namsaliti baba yangu. Leo nakuambia: baki, ufanye kazi yako vizuri.

Mzigo huu anauleta Connie, binti wa Vestine, anakwenda Jakarta kwa mkutano na ameahidi kuutia posta kule. Kuna kitenge cha Nurlela, nimemchagulia chenye rangi za kelele kama mimi. Kuna gauni dogo jeupe la Ikirezi, alilolishona babu yako mwenyewe, na asiambiwe mtu kwamba alilifumua kola mara mbili akitafuta ikae sawa. Tangu jana anashona kitu kingine, nikikaribia anakifunika kwa koti lake. Nimechoka kuuliza.

Shangazi yako mdogo Umulisa anakusalimu toka Gahanga, yuko shambani na mbegu zake na anasema hana habari mpya ila matope. Vestine na nyumba yake wanakusalimu. Iradukunda anauliza kama samaki wa huko wana majina.

Mungu awalinde na mawimbi na homa, aijaze nyumba yenu riziki ya halali, na amkuze Ikirezi awe mkaidi kiasi, asimpite babu yake.

Ni mimi shangazi yako, ninayekupenda hata ukinikasirisha,

Saada Mukasine

Ngoja, usikunje barua. Babu yako ameninyang'anya kalamu.

Twahiru mjukuu wangu. Nakusalimu. Gauni la pili sikulitia mzigoni, nimelishona kubwa kidogo. Limetundikwa hapa juu ya cherehani yako. Mlete Ikirezi aje alivae.

Babu yako, Usumani