Usiiguse Kola ya Baba

Dada, rafiki yangu, weka mkasi chini, usome hii yote kwanza.

Ule mto niliomshonea Mama zawadi ya sikukuu, nimempa sasa hivi. Nilijua atalia kwa furaha. Akaukumbatia, akaunusa.

Akaunusa tena. "Mwanangu, hili si shati la marehemu baba yako?"

Nikachekelea kama zuzu. "Ndiyo Mama, lile la mistari ya buluu, nililitoa kabatini kwako. Nilitaka awe karibu nawe."

"Kulikata si neno. Ulilifua?"

Nikamwambia nililifua mara mbili, kwa sabuni ya kunukia. Nilisema kwa maringo, unaamini? Kwa maringo!

Mama akaulaza mto kitandani taratibu, kama mtoto aliyesinzia. "Mimi sikulifua tangu alipofariki. Lilikuwa bado lina harufu yake."

Hakunigombeza. Heri angenizaba kofi.

Harufu yake, dada! Miaka yote hiyo kaitunza, mimi nikaimwaga pamoja na povu.

Sasa nisikilize. Kola niliikata kabla ya kufua, maana ilikuwa ngumu, haishoneki kwenye mto. Haijagusa maji. Imo kwenye ule mfuko wa mabaki niliokupa ujazie wanasesere wa watoto wa kaka yako.

Usiikate. Usiifue. Kama umeshajaza, fumua matumbo yote mpaka uione mistari ya buluu.

Nakuja. Nilimwambia Mama anisubiri nyumbani, lakini keshavaa viatu, yuko mlangoni ananiita, ati mimi ndiye ninayechelewa.