Siku Kumi na Moja za Jalalani

Baba, leo mwaka umetimia tangu utuache, na tulipanga kukuandikia maneno matamu tu. Tutayaandika. Lakini hasira nayo ina zamu yake.

Ulikuwa fundi wa maabara chuoni, na kazi yako ilikuwa vile vioo vyembamba vinavyopakwa rangi ili vinase jua na kutoa umeme. Vidole vyako vilikuwa vya zambarau siku zote. Plastiki ya kuziba kingo uliijaribia nyumbani kwa pasi, Mama akikutania, "Mume wangu, pasi yangu imeajiriwa lini?" Ulicheka mpaka miwani ikadondoka.

Wenzako walikimbizana na umeme mwingi. Wewe ulihangaika dawa ya majimaji iliyo ndani isivuje, kioo kidumu. "Cha kufanya kazi wiki moja," ulisema, "mtu atakinunua cha nini?"

Ndiyo maana ulipanda paa la maabara kila siku, miaka tisa, ukapima vioo kumi na viwili na kuandika daftarini. Hata siku ya kumzika Bibi ulipitia chuoni kwanza. Ulipolazwa hospitali ulimtuma kaka, na akirudi unamhoji kama polisi. Ulipofariki, hakuacha kupanda.

Hukumaliza miezi miwili kaburini, kaka akakuta paa tupu. Kila aliyemuuliza aliinua mabega. Siku ya kumi na moja mlinzi wa getini akatupigia simu: vioo vyako viko jalalani nyuma ya karakana. Idara yako ilivitupa, eti vimezeeka, vipya vinatoa umeme zaidi! Wasomi wazima! Kuzeeka huko ndiko kulikokuwa kunapimwa.

Tulifukua kwa mikono, Mama akiwa mbele. Vitano vilikuwa vimevunjika. Saba vilikuwa hai, Baba. Viko juu ya paa letu la jikoni, na mimi binti yako ndiye ninayevipima.

Wiki iliyopita mkuu wa idara alikuja sebuleni kwetu, mpole ajabu. Wafadhili wanaulizia vioo vinavyodumu, naye hana cha kuwaonyesha. Akaomba daftari lako ili akalinakili. Mama akampa, kwa sababu wewe hukuwa mchoyo wa kazi. Akafunua hadi kwenye mistari niliyoijaza mimi: "Havikupimwa. Vilitupwa jalalani." Mistari kumi na mmoja.

"Mama, ukurasa huu tungeuacha tu," akasema. "Kitaalamu hauna maana."

"Chukua lote au liache lote," Mama akamjibu. "Mume wangu aliandika hata siku alizokosea mwenyewe. Na nyinyi mtaandikwa."

Alilichukua lote, bila kututazama usoni.

Tunaokukumbuka kwa mapenzi na kwa uchungu: mkeo, mwanao wa kiume, mimi binti yako, dada zako wawili na wajukuu. Hatutakusahau kamwe, na wale wa chuoni hatutawaacha wakusahau.