Kwa Fundi Pasi: Dawa Zilikuwepo

Mwaka umetimia leo, Fundi Pasi, tangu asubuhi ile ulipotuacha katika wodi ya wanaume, kitanda cha pili kutoka mlangoni. Siku mbili kabla bado ulikuwa unambembeleza muuguzi akuletee bisibisi na tone la mafuta, ukisema feni ya wodi inalia kwa sababu bushi imekauka, na wewe ungeimaliza kwa dakika tano. Hakukuletea. Tulipita pale wiki iliyopita na feni bado inalia vilevile.

Chumba chako cha kazi, kile chenye mlango wa bluu kati ya saluni na duka la vioo, hatujakigusa. Skurubu zako ziko kwenye makopo ya siagi, kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo. Kila kifaa ulichopokea ulikibandika utepe na kuandika kwa kalamu nene mwenyewe ni nani na shida ni nini. "Mama Mapacha, pasi, inapiga shoti." "Mzee Kofia, redio, inaongea yenyewe." Na kile kilichokaa rafuni miezi mingi kwa makusudi, ili kila mteja akisome: "Dada Mwalimu, blenda, kaivunja mwenyewe anamsingizia mtoto."

Mtu akiingia na pasi iliyoungua akilia kwamba imekufa, ulimwambia, "Haijafa, mama, imezimia tu." Kisha unalowesha kidole kwa mate na kuigusa, tss, nasi tunapiga kelele, nawe unacheka. Yule jirani anayefua na kupiga pasi nguo za watu ulimtengenezea ya kwake kabla ya za wenye haraka zao. Ulisema wengine wana pasi, yeye ana jembe.

Mama ulimpigia simu kila siku saa saba mchana kumuuliza amekula nini. Akikuambia hajala, unafunga duka unakuja. Kuna siku alikuambia hajala na ameshakula, kwa sababu alikuwa na hamu ya kukuona tu. Wapwa zako wanasema mjomba ndiye mtu mzima pekee aliyekubali kushindwa karata bila kununa.

Hadi hapa nimeandika "sisi". Kuanzia sasa ni mimi peke yangu, dada yako, maana nitakayoyasema hakuyafanya mwingine katika nyumba hii.

Ulikuwa na miaka ishirini na saba uliponiambia. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya darasa la tatu, wewe umekaa ukingoni mwa kochi kama mgeni. Ukasema, "Dada, yule Fundi Vioo si jirani tu. Ni mwenzangu. Mimi sijawahi kumpenda mwanamke, na sitampenda." Nikaendelea kuweka alama za vema kwenye daftari ambalo baadaye niligundua hesabu zote zilikuwa makosa. Halafu nikakuuliza, "Umekula?" Ukacheka mpaka ukafuta machozi. "Nimekula, Dada." Siku hiyo ulinishukuru sana, nami nikajiona mtu mzuri kupita kiasi.

Baada ya hapo ndipo uliponieleza habari za vidonge vya kinga. Nilidhani unaumwa. Ukanituliza: "Si vya wagonjwa, Dada. Mzima anameza kimoja kila siku ili virusi vya Ukimwi visimpate." Ulikuwa umekwenda mwenyewe kituo cha afya. Muuguzi wa dirisha la mwisho, lile la dawa za virusi, alikuuliza kwa sauti ya kuita mbuzi, "Unavitaka vya nini? Mkeo anaumwa?" Ukasema huna mke. "Sasa mtu hana mke, kinga ya nini?" Benchi zima likageuka, na nusu ya benchi hilo walikuwa wateja wako. Akakuambia urudi na mwenzi wako mpimwe pamoja. Mshauri wa pale naye akakuvuta pembeni akakuombea, hujamwomba. Ulirudi nyumbani ukasema hurudi tena pale, wewe uliyekuwa unashika nyaya za umeme bila wasiwasi.

"Nitakuchukulia mimi," nikasema. Wazo lilikuwa langu, na hapa ndipo pa mwisho nitakapojisifu.

Nilikwenda dirishani na kumwambia muuguzi kwamba mume wangu ni dereva wa malori, analala anakolala, na mimi simwamini. Sura yake ikalainika palepale. Akanitoboa kidole, akanipima, akanipa vidonge vya miezi mitatu na pole juu. Wewe ulikuwa unajipima nyumbani kwa kile kijiti cha kupitisha kwenye ufizi, kutoka duka la dawa, na kila mara kilionyesha mstari mmoja, yaani salama. Hivyo tukaenda vizuri nusu mwaka. Ulikuwa unaniita "daktari wangu", nami nilipenda.

Mara ya tatu nilikuta wifi yangu amekaa kwenye benchi la mbele, amemleta mtoto wake mwenye kikohozi. Alinitazama kuanzia kichwa mpaka viatu.

"Wifi, unaumwa?"

"Kichwa tu, wifi."

"Ala! Siku hizi kichwa nacho kina dirisha lake?"

Wazazi wawili wa watoto ninaowafundisha walikuwa pale, wakaangalia sakafu kwa namna ya watu wanaosikiliza. Niligeuka nikatoka. Kabla ya mume wangu kurudi safari, habari ilikuwa imeshampokea njiani. Aliingia na kusema kwa utaratibu, "Umewaambia watu mimi ni mgonjwa?" Sikukutaja wewe. Niliapa sitakanyaga tena pale, yakaisha.

Ulikuja Jumamosi, umebeba ile blenda, hatimaye. "Vipi, daktari?"

"Hazipo," nikasema. "Wamesema zimeisha. Labda mwezi ujao."

Dawa zilikuwepo, mdogo wangu. Niliziona kwa macho yangu nyuma ya bega la muuguzi, rafu nzima, chupa nyeupe zimepangwa. Ninayaandika haya ili wote wasome, kwa kuwa wewe sikukuambia.

Nimekuwa nikijiambia kwamba nililinda siri yako. Si kweli. Nililinda jina langu, Mwalimu, mke wa mtu, anayeheshimika benchini. Ningekuambia, "Wifi kaniona, siwezi tena," ungesema, "Pole, Dada," na ungetafuta njia nyingine. Njia ilikuwepo. Fundi Vioo alikuwa anakwenda kila mwezi mji wa jirani kuchukua vioo, na huko kulikuwa na zahanati ambayo mlishasikia haiulizi watu maswali ya ndoa. Lakini niliona haya uniite mwoga, nikaona heri niisingizie rafu. Ile blenda ilinijua vizuri.

Darasani nafundisha kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya miezi mitano. Kila mwisho wa mwezi ulikuja na kuuliza kwa adabu, kama mtu anayeogopa kusumbua, "Hazijaja?" Nami, "Bado." Uliniambia Fundi Vioo anataka kuulizia kule mji wa jirani, ukamzuia wewe mwenyewe: kama hapa hazipo na kule zitakuwa hazipo, mwache asipoteze safari.

Mwezi wa sita ulikuja na kijiti umekikunja ndani ya karatasi. Mistari miwili. Nikaketi. Wewe ndiye uliyesimama, ukanishika bega, ukasema, "Usijilaumu, Dada. Dawa hazikuwepo. Ungefanyaje?"

Nikajibu, "Ningefanyaje."

Virusi vilitoka wapi sitauliza. Hayo ni yenu wawili, na kila anayeuliza ananitafutia mtu wa kunisaidia mzigo.

Nilikuambia uende ukaanze dawa za kutibu. Ukakataa. "Nikianza halafu ziishe kama zile? Wanasema ukikatiza, virusi vinazizoea. Ngoja kwanza mambo yao yatengemae." Nikasema, "Zitakuwepo." Ukanitazama. "Umejuaje?" Hapo ndipo mahali penyewe, Fundi. Swali uliliuliza, jibu nilikuwa nalo mdomoni, na mlango ulikuwa umefungwa, hayupo wa kutusikia. Nilinyanyuka nikaenda kuosha vikombe visafi.

Ulingoja miaka mitatu, ukikonda na kusema ni kazi nyingi. Ni Fundi Vioo aliyekubeba mwisho, akafunga duka lake, akakupeleka. Ulianza dawa ukiwa umeshachelewa, na homa ya uti wa mgongo haikutupa nafasi. Miezi miwili yote alilala kwenye kiti kando ya kitanda chako. Sisi tulikuwa tunakuja saa za kuwaona wagonjwa.

Karatasi ya msiba niliiandika mimi: "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Mazishini Fundi Vioo tulimweka nyuma, pamoja na wateja. Mtu mmoja akasema karibu yangu, "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akikusema wewe, nami nikatikisa kichwa kukubali. Wewe hukunificha hata kitu kimoja. Aliyeficha alikuwa anakubali kwa kichwa.

Mwezi huu nimeyasema. Nilianza kwa Fundi Vioo, kwa kuwa yeye ndiye niliyemwogopa zaidi. Alikuwa anapima kioo cha dirisha la mtu. Aliniacha nimalize, akaweka rula chini, akasema, "Angejua angekusamehe. Unamjua alivyokuwa. Lakini mimi si yeye." Akarudi kwenye kioo.

Mume wangu alisema, "Lori langu linapita miji saba. Ungeniomba." Sijui kama wakati ule angesema hivyo. Sikumpa nafasi ya kujulikana.

Kwa Mama nilikwenda wa mwisho. Alikuwa anakunja mashuka.

"Alikuwa anakuuliza kila mwezi?"

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe unamwambia bado."

"Ndiyo, Mama."

Alilikunja lile shuka mpaka halikuwa na pa kukunjwa tena. Nilingoja anipige au alie, na ningeona nafuu kwa lolote. Akasema, "Karatasi ya mwaka jana uliandika ulivyotaka. Ya mwaka huu andika yaliyotokea. Na yule wa vioo usimwandike jirani. Alimuuguza mwanangu, wewe ukiwa unaleta machungwa."

Jana nilikwenda dirishani, saa nne, benchi limejaa. Niliuliza kwa sauti yangu ya darasani, "Dawa za kinga ya virusi zipo?"

Muuguzi ni yuleyule. "Zipo, Mwalimu. Hizi hazijawahi kuisha hapa."

"Na akija mwanaume asiye na mke, atapewa?"

Alitazama benchi, akapunguza sauti. "Atapewa, sheria ndiyo hiyo. Ila, Mwalimu, unajua watu. Wataangalia."

"Mwanaume kama huyo alikuja," nikamwambia. "Alikuwa mdogo wangu. Ulimuuliza mkewe yuko wapi."

Akaita anayefuata. Labda hakukumbuka, wanapita wengi. Sikwenda kumtwisha yeye, maana yeye alikufukuza asubuhi moja tu, mimi nilikuzuia miezi mitano.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma karatasi hii mkiwa mmekaa uani kwetu leo. Najua wako miongoni mwenu wanaohitaji kufika dirisha lile na hawajafika. Nawajua wawili, mmoja nilimfundisha kusoma. Sitakuchukulia, na usimtume mtu akuchukulie, hata awe dada anayekupenda. Nipitie nyumbani twende wote. Tutakaa benchi la mbele, watuangalie sisi wawili, na atakayeuliza kama siku hizi kichwa kina dirisha lake nitamjibu mimi. Wifi ameshaambiwa.

Unakumbukwa na mama yako mzazi. Na Fundi Vioo, mwenzako, aliyekubali kuandikwa kwa sharti kwamba jina lake lisikae karibu na langu. Na shemeji yako. Na wapwa zako, ambao hawajapata mtu mwingine wa kumshinda karata. Na Mama Mapacha na wateja wote, ambao pasi zao ziko rafuni na hawataki kuzichukua. Na wa mwisho kabisa, mimi dada yako.

Hatutakusahau, leo wala milele. Mimi msamaha nilishaupata kwako, ulinipa ukiwa umenishika bega, kwa kosa ambalo halikuwa langu. Kwa hili lililo langu nimechelewa kukuomba.